Kununua Gari Marekani: Kwa Wakala au Moja kwa Moja Kiwandani

Mtu anayenunua gari jipya nchini Marekani mara nyingi huamini kwamba ananunua kwa kampuni iliyolitengeneza. Jina la kampuni limeandikwa kwa herufi kubwa juu ya lango, bendera zake zinapepea uwanjani, na hata fulana ya muuzaji ina nembo yake. Lakini mkataba anaoutia sahihi ni baina yake na mfanyabiashara mwingine kabisa, ambaye amelipata gari lile kutoka kiwandani na sasa analiuza kwa faida yake mwenyewe. Kutolielewa jambo hili ni chanzo cha usumbufu mwingi, kwa sababu mlalamikaji humfuata asiyehusika huku anayehusika akiendelea na shughuli zake. Mwongozo huu ni kwa wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani au wanaohamia huko, na katika kila hatua unarudi kwenye swali lile lile: ni nani anayekuuzia, na ni nani utakayemdai gari likiwa na kasoro?

Hatua ya kwanza: Tambua unanunua kwa nani

Milango ni minne. Kuna wakala wa kampuni, kuna muuzaji huru wa magari yaliyotumika, kuna kiwanda chenyewe kinachouza moja kwa moja, na kuna mtu binafsi anayeuza gari lake. Huyu wa mwisho tumwache mapema: bei yake huwa nafuu, lakini sheria nyingi zitakazotajwa hapa chini hazimgusi, kwa hiyo kinga yako kwake ni fundi wako na hati ya umiliki iliyo safi.

Wakala ni mfanyabiashara anayejitegemea, aliyepewa haki ya kuuza magari ya kampuni fulani katika eneo fulani. Mfumo huu ulishamiri mwanzoni mwa karne ya 20, viwanda vilipohitaji mitaji ya watu wengine ili kuyafikisha magari katika kila mji. Baadaye mawakala walilalamika kwamba viwanda vinawasukumia magari wasiyoyataka na kuwatishia kuwanyang'anya haki ya kuuza. Mwaka 1956 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowawezesha mawakala kuvishtaki viwanda, na majimbo nayo yakatunga sheria zao, ambazo nyingi hukikataza kiwanda kuwauzia wateja kwa kushindana na mawakala wake. Ieleweke basi kwamba sheria hizo zilitungwa kwanza kumlinda wakala dhidi ya kiwanda. Mnunuzi hakuwa mlengwa mkuu, ingawa leo jina lake hutajwa kila zinapotetewa.

Kampuni za Tesla, Rivian na Lucid huuza magari yao bila mawakala, na ndiyo sababu zimekuwa zikivutana na majimbo kadhaa. Tesla ina kiwanda kikubwa mjini Austin, Texas, lakini sheria ya jimbo hilo haiiruhusu kuuza magari yake mapya katika maduka yake humo humo. Mkazi wa Austin huagiza kwa intaneti na mauzo huhesabiwa kuwa yamefanyika nje ya jimbo, hata kama gari lenyewe limetoka kwenye kiwanda anachokiona akiwa barabarani. Huko Michigan mvutano wa namna hiyo ulifika mahakamani na ukamalizwa kwa mapatano mnamo Januari 2020. Kwa mnunuzi, maana yake ni kwamba kabla ya kuagiza moja kwa moja anapaswa kuuliza mambo matatu: nani atashughulikia kodi na usajili katika jimbo lake, gari atalipokelea wapi, na kituo cha matengenezo kilicho karibu kiko umbali gani.

Mawakala husema kwamba wao humtetea mteja mbele ya kiwanda, na viwanda vinavyouza moja kwa moja husema kwamba wao hawana bei za kificho. Kwa maoni yangu kila upande una ukweli nusu. Bei ya moja kwa moja ni moja kwa wote, na hilo ni faraja kubwa kwa mtu asiyependa kuvutana, au anayejua kwamba lafudhi yake humfanya apewe bei tofauti na ya aliyemtangulia. Lakini kuna jambo lisilotangazwa sana: wakala akitengeneza kasoro iliyo chini ya dhamana, kiwanda ndicho kinachomlipa, kwa hiyo ana sababu ya kuikubali kasoro hiyo. Anayeuza moja kwa moja hutengeneza kwa fedha zake, na anayeamua kama kasoro ipo ndiye huyo huyo atakayeigharimia.

Hatua ya pili: Tafuta mkopo kabla ya kutafuta gari

Wanunuzi wengi hufanya kinyume. Huchagua gari kwanza, moyo ukaliganda, kisha wakakubali mkopo wowote watakaopewa hapo hapo dukani. Nenda kwanza benki au chama cha ushirika cha akiba na mikopo, upate barua inayoonyesha kiasi utakachokopeshwa na riba yake kwa mwaka. Barua hiyo haikulazimishi kuutumia mkopo huo. Kazi yake ni kukupa kipimo.

Umuhimu wa kipimo hicho unatokana na namna mkopo wa dukani unavyofanya kazi. Wakala hupeleka maombi yako kwa benki kadhaa, na benki humjibu kwa riba ambayo iko tayari kuikubali. Kisha wakala anaweza kuiongeza riba hiyo kabla ya kukutajia wewe, na nyongeza hiyo, au sehemu yake kubwa, ikawa yake. Hakuna anayekuambia kwamba riba ya mwanzo ilikuwa ndogo zaidi. Uzuri ni kwamba ukiwa na barua yako mkononi, wakala naye anaweza kushusha ili akupate, na hapo ushindani huo unakufaa wewe.

Tazama hesabu hii. Mkopo wa dola 25,000 kwa riba ya asilimia 6 kwa miezi 60 una rejesho la takriban dola 483 kwa mwezi, na hadi mwisho utakuwa umelipa karibu dola 29,000. Riba ikipanda hadi asilimia 8 kwa muda ule ule, rejesho linakuwa takriban dola 507, na jumla inazidi dola 30,400. Sasa mnunuzi akilalamika kwamba 507 ni nyingi, muuzaji mwerevu hagusi bei wala riba, bali hurefusha muda hadi miezi 84. Rejesho linashuka hadi kama dola 390, mnunuzi anatabasamu, na jumla atakayolipa inakaribia dola 32,730. Ameondoka akiamini kwamba amepunguziwa dola 117 kila mwezi, ilhali ukilinganisha na mkopo wa kwanza amejiongezea deni la zaidi ya dola 3,700.

Anayenyimwa mkopo asiondoke kimya. Sheria ya mwaka 1974 kuhusu haki sawa katika mikopo humkataza mkopeshaji kumbagua mwombaji kwa rangi, dini, jinsia au asili ya taifa lake, na humtaka aliyekataa ombi ampe mwombaji taarifa ya maandishi yenye sababu au yenye kueleza namna ya kuziomba. Mkopeshaji anaruhusiwa kuulizia hali yako ya ukaazi kwa kadiri inavyohusu ulipaji wa deni, kwa hiyo beba hati zako mapema.

Hatua ya tatu: Soma karatasi iliyo kiooni

Gari jipya linapaswa kuwa na karatasi iliyobandikwa kwenye kioo, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1958 iliyopiganiwa na seneta Mike Monroney wa Oklahoma, ambaye jina lake ndilo karatasi hiyo inalojulikana kwalo hadi leo. Humo mna bei iliyopendekezwa na kiwanda, vifaa vya ziada pamoja na bei ya kila kimoja, gharama ya kulisafirisha gari, matumizi ya mafuta au umeme, na alama za majaribio ya kugongana. Karatasi hiyo ni ya kukuarifu tu: haimlazimishi wakala kuuza kwa bei hiyo. Wakala anaweza kubandika pembeni karatasi yake mwenyewe yenye nyongeza anazozipa majina ya kupendeza, na macho ya mgeni huzichukua karatasi zote mbili kuwa ni moja. Angalia ni ipi imetoka kiwandani.

Gari lililotumika lina karatasi nyingine, na hii kwa kweli ina nguvu zaidi. Kanuni ya Tume ya Shirikisho ya Biashara, inayojulikana kwa kifupi FTC, imewataka wauzaji tangu mwaka 1985 kuweka kwenye kila gari lililotumika fomu yenye kichwa Buyers Guide. Kanuni inamhusu yeyote anayeuza zaidi ya magari matano ya namna hiyo katika miezi 12, ingawa majimbo ya Maine na Wisconsin yana taratibu zao. Fomu ina viboksi. Kiboksi chenye maneno AS IS kikiwekwa alama, unanunua gari kama lilivyo, na likizimika mita mia moja kutoka getini matengenezo ni juu yako. Kile kingine kinaonyesha kwamba kuna dhamana, ya sehemu gani za gari, kwa muda gani, na asilimia ngapi ya gharama italipwa na muuzaji. Baadhi ya majimbo hayaruhusu kabisa wauzaji kuuza gari kama lilivyo.

Fomu hiyo ni sehemu ya mkataba. Mkataba ukisema jambo linalopingana nayo, fomu ndiyo inayoshinda. Kwa sababu hiyo, muuzaji akikuambia kwa mdomo, "Usijali bwana, giaboksi ikisumbua ndani ya miezi mitatu lilete kwangu," mwombe aiandike ahadi hiyo kwenye fomu na kuitia sahihi. Atakayekataa kuandika alichokitamka sekunde chache zilizopita amekwisha kukujibu. Mazungumzo ya ununuzi yakifanywa kwa Kihispania, fomu lazima iwe kwa Kihispania. Kwa Kiswahili hakuna takwa hilo, kwa hiyo nenda na mtu anayesoma Kiingereza kwa ufasaha, na awe ni mtu asiyeona haya kuuliza.

Hatua ya nne: Lichunguze gari lenyewe na historia yake

Andika namba ya chesisi. Magari ya kuanzia modeli za mwaka 1981 yana namba yenye tarakimu na herufi 17, ambayo haitumii herufi I, O wala Q ili zisichanganywe na 1 na 0. Utaiona kupitia kioo cha mbele, upande wa dereva juu ya dashibodi, na tena kwenye fremu ya mlango wa dereva. Namba hizo mbili zifanane, na zifanane pia na ile iliyo kwenye hati ya umiliki. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, aga uondoke.

Iingize namba hiyo katika tovuti ya NHTSA, mamlaka ya serikali kuu inayosimamia usalama wa magari, uone kama kiwanda kimetoa wito wa kulirudisha gari kwa marekebisho ya usalama ambayo bado hayajafanyika. Huduma hiyo ni bure, na marekebisho yenyewe kwa kawaida ni bure kwa gari lisilozidi miaka 15. Hapa pana pengo ambalo wengi hawalijui. Sheria inamkataza wakala kumkabidhi mteja gari jipya lenye wito ambao haujatekelezwa, na kampuni za kukodisha zenye zaidi ya magari 35 zimekatazwa vivyo hivyo tangu mwaka 2016, lakini hakuna sheria ya serikali kuu inayomkataza muuzaji kukuuzia gari lililotumika likiwa na wito huo. Kwa maneno mengine, gari ambalo halifai kukodishwa kwa siku mbili linaweza kuuzwa kwako moja kwa moja.

Kisha tafuta ripoti ya historia kutoka kwa kampuni inayotumia kanzidata ya kitaifa ya hati za magari, NMVTIS. Unachotafuta ni chapa zilizowekwa kwenye hati: kwamba gari liliwahi kuhesabiwa na bima kuwa limekufa, kwamba limejengwa upya, au kwamba liliwahi kuzama katika mafuriko. Magari ya mafuriko husafirishwa hadi majimbo ya mbali, yakasafishwa na kupuliziwa manukato. Inua zulia la buti, pitisha kidole chini ya gurudumu la akiba, na uvute mkanda wa kiti hadi mwisho: tope jembamba na mstari wa maji hubaki mahali ambapo msafishaji hakufika.

Maili zilizotembewa huandikwa na muuzaji wakati wa kuhamisha umiliki, na kwa magari ya modeli za mwaka 2011 na baada ya hapo takwa hilo hudumu kwa miaka 20. Linganisha maili hizo na hali ya pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva. Gari linalodaiwa kuwa limetembea maili 30,000 haliwezi kuwa na pedali iliyolika hadi ikawa laini.

Mwisho wa yote, lipeleke kwa fundi wako mwenyewe kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa gari lisitoke, uliza kama fundi anaweza kuja hapo, na akikataa hilo pia, hakuna sababu ya kuendelea.

Hatua ya tano: Patana bei ya gari peke yake

Kwa wakala, mazungumzo mara nyingi huanza na karatasi iliyogawanywa katika viboksi vinne. Cha kwanza ni thamani ya gari lako la zamani, cha pili ni bei ya gari jipya, cha tatu ni malipo ya awali, na cha nne ni rejesho la kila mwezi. Muuzaji huandika kwa kalamu nene, hugeuza karatasi ikuelekee wewe, na kuuliza, "Ungependa kulipa ngapi kwa mwezi?" Swali hilo usilijibu. Ukitaja namba, viboksi vitatu vilivyobaki vitachezeshwa hadi namba yako itimie: atakupandishia thamani ya gari lako kwa dola 1,000 huku akirudisha dola 1,000 hizo hizo katika bei, na wewe utaona upande mmoja tu.

Jibu linalofaa ni kuomba bei ya mwisho ya kutoka nalo mlangoni, ikiwa imejumlisha kodi, usajili, ada zote na nyongeza zote, na itumwe kwa maandishi. Waombe mawakala watatu au wanne kwa barua pepe bila kufika kwao, kwa gari la aina moja na vifaa vile vile. Atakayesema hatoi bei hadi ufike ana sababu yake. Bei ya gari ikishafungwa, ndipo uzungumzie gari lako la zamani, tena baada ya kulipimisha kwingine. Ikiwa bado linadaiwa dola 14,000 na thamani yake ni dola 11,000, zile 3,000 hazifutiki kwa sababu tangazo limesema wakala atalipa deni lako lote. Zitahamishiwa katika mkopo mpya na utazilipia riba.

Ada ya kuandaa karatasi iulizwe mapema. California imeiwekea kikomo cha dola 85 kwa wakala, ilhali Florida haina kikomo, na huko ada hiyo inaweza kuwa mara nyingi zaidi. Kwa kuwa kila mteja hutozwa, wakala atasema haiwezi kuondolewa, na pengine ni kweli. Lakini bei ya gari inaweza kushushwa kwa kiasi kile kile.

Kwa anayeagiza moja kwa moja hakuna wa kuvutana naye, kwa hiyo kazi inahamia kwenye kusoma. Soma kama ada ya kuagiza inarudishwa ukighairi, kama bei imefungwa siku ya kuagiza, na tarehe ya kukabidhiwa gari ni ahadi au ni makadirio tu. Kampuni hizi hubadilisha bei zake mara kwa mara, juu na chini, na aliyenunua wiki moja kabla ya punguzo kwa kawaida hana cha kudai.

Hatua ya sita: Ofisi ya mikopo, mahali pa kutokuwa na haraka

Baada ya kukubaliana bei, wakala hukuhamishia katika chumba kidogo kwa mtu mwingine, nadhifu na mpole, ambaye kazi yake inaitwa kukamilisha karatasi. Kufikia hapo umechoka, watoto wamelia njaa, na gari limeshaoshwa linakungoja nje. Kwa wakala wengi faida kubwa hupatikana katika chumba hiki. Utaletewa mkataba wa huduma wa miaka ya ziada, bima ya kufidia pengo kati ya deni na thamani ya gari, ulinzi wa rangi, namba iliyochorwa kwenye vioo, pengine hata naitrojeni ya magurudumu. Baadhi ya vitu hivi vina faida kwa watu fulani: bima ya pengo inamfaa aliyeweka malipo ya awali madogo sana. Lakini kampuni yako ya bima au chama chako cha akiba huenda kinaiuza kwa bei nafuu, na hakuna kitu katika orodha hiyo ambacho lazima kinunuliwe siku hiyo. Ukiambiwa kwamba benki haitatoa mkopo bila ya kukinunua, omba kauli hiyo iandikwe.

Kabla ya kutia sahihi, tafuta sehemu ya mkataba inayotakiwa na sheria ya ukweli katika ukopeshaji ya mwaka 1968. Inaonyesha riba kwa mwaka, gharama yote ya mkopo kwa dola, kiasi unachokopeshwa, na jumla ya marejesho. Chukua kiasi unachokopeshwa ukilinganishe na bei uliyoafiki ukitoa malipo ya awali. Tofauti usiyoweza kuieleza ni kitu ulichouziwa bila kukijua.

Angalia pia kama mkataba unasema mauzo yanategemea mkopo kuidhinishwa. Mchezo unaofahamika ni huu: mteja huruhusiwa kuondoka na gari Ijumaa jioni, anawaonyesha majirani, kisha Jumanne anapigiwa simu kwamba mkopo umeshindikana na aje atie sahihi mpya yenye riba kubwa zaidi. Akiuliza gari lake la zamani, anaambiwa limeshauzwa. Dawa yake ni kutoliondoa gari hadi upewe uthibitisho wa maandishi kwamba mkopo umekamilika, au kuja na mkopo wako mwenyewe.

Wengi huamini kwamba wana siku tatu za kurudisha gari. Kanuni ya FTC ya siku tatu ipo, lakini inahusu mauzo yanayofanyika nyumbani kwa mteja au mahali pa muda, wala haihusu gari lililonunuliwa kwa wakala katika eneo lake la kudumu, wala ununuzi uliofanywa wote kwa intaneti. Isipokuwa sheria ya jimbo lako au mkataba wenyewe uwe umekupa haki hiyo, sahihi ikishawekwa gari ni lako. Baadhi ya wanaouza kwa intaneti hutoa siku kadhaa za kurudisha kwa hiari yao, na hiari hiyo inaweza kuondolewa, kwa hiyo isome ilivyo siku unayonunua. Usitegemee pia kanuni mpya ambayo FTC iliitangaza Desemba 2023 kuwadhibiti wauzaji wa magari, kwa kuwa mahakama ya rufaa iliitengua Januari 2025 kabla haijaanza kutumika.

Kuna kifungu kingine ambacho hupitwa kwa haraka, nacho ni cha usuluhishi wa lazima, kinachokunyima haki ya kwenda mahakamani na kukupeleka kwa msuluhishi binafsi. Mawakala wenyewe walikiona kifungu hicho kuwa ni dhuluma kilipowekwa katika mikataba yao na viwanda, na mwaka 2002 Bunge likawapa sheria inayowaepusha nacho. Wanunuzi hawakupewa. Omba kifutwe. Katika mikataba ya kununua moja kwa moja, baadhi ya kampuni humruhusu mnunuzi kujiondoa kwenye usuluhishi kwa kutuma barua ndani ya siku 30. Tuma barua hiyo wiki ya kwanza, na uweke nakala.

Hatua ya saba: Kupokea gari

Lipokee mchana, pasipo mvua. Zunguka ukitazama mianya baina ya milango na bodi, tofauti za rangi, mikwaruzo na taa. Washa kila swichi. Anayepokea gari lililoagizwa moja kwa moja huombwa kuthibitisha kwa simu kwamba amelipokea, na uthibitisho huo huchukua sekunde moja tu. Usibonyeze hadi umalize ukaguzi, na kila kasoro ipigwe picha na kuandikwa katika fomu ya mambo yatakayorekebishwa.

Hatua ya nane: Kasoro zikijitokeza

Weka faili siku hiyo hiyo. Kila unapolipeleka gari kwa matengenezo, hakikisha karatasi inaandika malalamiko yako kwa maneno yako, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka na maili. Karatasi iliyoandikwa "hakuna tatizo lililoonekana" bado ina thamani, kwa sababu inathibitisha kwamba ulikwenda.

Majimbo yote 50 yana sheria za magari mabovu, la kwanza likiwa Connecticut mwaka 1982. Wamarekani huliita gari la namna hiyo limau, na sisi tungesema kimeo. Masharti hutofautiana, lakini kwa kawaida sheria humdhania mnunuzi kuwa ana haki ya kubadilishiwa gari au kurudishiwa fedha ikiwa kasoro kubwa ile ile imetengenezwa mara tatu au nne bila kupona, au ikiwa gari limekaa gereji kwa jumla ya siku 30, yote hayo ndani ya muda au maili zilizowekwa na jimbo. Majimbo mengi hukutaka kwanza ukipe kiwanda taarifa ya maandishi. Angalia kwamba hapa unayemdai ni kiwanda kilichotoa dhamana, wala si wakala, na aliyenunua moja kwa moja anamdai yule yule aliyemuuzia. Nyingi kati ya sheria hizi zinahusu magari mapya, ingawa baadhi ya majimbo, likiwemo New York, yana sheria ya magari yaliyotumika pia.

Sheria ya dhamana ya mwaka 1975 nayo hukikataza kiwanda kukulazimisha kufanya huduma za kawaida kwa wakala wake ili dhamana idumu, isipokuwa kama huduma hizo ni bure. Mafuta ya injini unaweza kuyabadilisha kwa fundi wa mtaani, mradi utunze risiti.

Hatua ya tisa: Kudai haki yako

Anza kwa barua kwa anayehusika, iliyotumwa kwa posta yenye stakabadhi ya kupokelewa, ikieleza kilichotokea, sheria au kifungu cha mkataba kilichovunjwa, unachodai, na tarehe ya mwisho ya kujibiwa. Ikishindikana, lalamika kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo na kwa ofisi inayotoa leseni za wauzaji wa magari, ambayo ina uwezo wa kugusa kile ambacho muuzaji anakithamini kuliko jina lake. FTC hupokea malalamiko, ingawa haitatui kesi ya mtu mmoja mmoja. CFPB, shirika la serikali kuu la kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, hushughulikia wakopeshaji, lakini sheria ya mwaka 2010 iliyoliunda iliwaweka mawakala wengi wa magari nje ya mamlaka yake. Kwa kiasi kidogo cha fedha, mahakama ya madai madogo inatosha, na huhitaji wakili.

Ikiwa wakala amefilisika au ametoweka, tafuta katika mkataba wa mkopo uliopangwa na wakala huyo aya inayosema kwamba yeyote anayeushikilia mkataba huu anawajibika kwa madai ambayo mnunuzi angeweza kuyatoa dhidi ya muuzaji. Ni kanuni ya FTC tangu miaka ya 1970, na maana yake ni kwamba benki iliyoununua mkataba wako inaweza kudaiwa kwa udanganyifu wa wakala, hadi kiasi ulichokwisha kulipa. Usisimamishe marejesho kwa hasira, kwani katika majimbo mengi mkopeshaji anaweza kulichukua gari usiku bila amri ya mahakama. Zungumza kwanza na mwanasheria wa haki za watumiaji, na usizuiwe na hofu ya ada: chini ya sheria ya dhamana ya mwaka 1975 na sheria nyingi za magari mabovu, mnunuzi akishinda mahakama inaweza kukiamuru kiwanda kimlipie wakili, na ndiyo maana wapo mawakili wanaozipokea kesi hizi bila kudai chochote mwanzoni.